Hesabu ya Milimita Tisa

Kibubu nilikivunja Jumamosi, kabla ya chai.
Milioni mbili na laki tatu,
na sarafu moja ya mia niliyoiacha mezani:
hiyo ina kazi yake.
Mimi ni karani wa stoo ya vipuri, Gerezani.
Bei ya bolti naijua kabla muuzaji hajafungua mdomo.
Lakini bastola? Bastola ilinifanya mshamba.

Kwa Hasnaini, ghorofa ya pili, Mtaa wa Jamhuri,
karatasi zangu ndizo zilizotangulia:
kibali, picha, muhuri wa polisi,
miezi saba ya njoo kesho.
Kisha akatandika kitambaa cha kijani, akaziweka tatu,
midomo ikitazama ukuta, matumbo matupu.

Ya kwanza mpya, nyeusi kama lami ya jana.
Nikaishika. Kidole hakikufika;
kiligusa kifyatulio kwa ncha ya ukucha
kama mtoto anayebonyeza kengele ya jirani.
Ya pili ilibeba kioo mgongoni,
nukta nyekundu ikielea ndani, inakulengea yenyewe, karibu.
Bei hakuitamka. Aliiandika kwenye kikokotoo,
akakisukuma taratibu upande wangu.
Niliomba maji ya kunywa.

Ya tatu ilikuwa ya marehemu Tumsifu, fundi saa wa Upanga.
Mjane wake aliileta imefungwa taulo,
na magazini nne,
na ala ya ngozi iliyoliwa na jasho.
Chuma kitupu, nzito kama pasi ya mkaa,
rangi imebanduka pale dole gumba lake lilipozoea kulala.
Nikavuta kifyatulio:
kimya, kimya, kisha tk,
kama njugu inayopasuka kwenye jino.
Mkono wa fundi saa ulipita humo ndani.

Kocha Ngwisa, aliyesimama mlangoni muda wote
akila mihogo ya kukaanga, akasema:
"Bastola ni mahari tu. Ndoa ni risasi.
Utapiga ngapi kwa mwezi?"

Nikageuza risiti ya umeme, nikaandika nyuma yake:
risasi mia kwa mwezi, mara kumi na mbili,
nauli ya Kunduchi kwenda na kurudi,
miwani, vizibo vya masikio,
mkanda usiolegea, mafuta, brashi, ada ya klabu.
Nilipofika chini ya karatasi
bastola yenyewe ilikuwa mstari mmoja mdogo,
kitunguu kwenye hesabu ya harusi.
Rahisi ghali, walisema wahenga.
Na ghali nayo ni ghali; hilo hawakulisema.

Usiku, Tabata, umeme umekatika.
Risasi ziko kwenye sanduku, kufuli mbili, chumba kingine.
Nakagua chemba. Nakagua tena.
Naiweka sarafu juu ya mtutu,
nalenga doa la unyevu ukutani
lenye umbo la kisiwa cha Mafia.
Tk. Sarafu inaanguka, inabingirika chini ya kabati,
naifuata kwa magoti na tochi ya simu.
Tk. Kabati.
Tk. Kabati.
Usiku wa kumi na moja haikuanguka.
Nilikaa nimeinyoosha mikono gizani,
naogopa kupumua, namtafuta wa kumwambia.

Mashindano yalikuwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto.
Kipima muda kikalia, pii,
nikasahau mpango wote niliouchora,
nikabadili magazini huku nakimbia, ikanidondoka,
nikarudi kuiokota, watu wakacheka, nami nikacheka.
Mabamba sita ya mwisho yalilala yote.
Nilikuwa wa kumi na tisa
kati ya watu ishirini na wawili.
Kijana mwenye nukta nyekundu alikuwa wa tatu,
na alistahili; anapiga risasi mia tatu kwa wiki,
baba yake ana kituo cha mafuta.

Jioni naisafisha juu ya gazeti.
Dole gumba langu linalala pale palipobanduka,
ingawa lake lilikuwa pana zaidi:
ukingo wa rangi umebaki unanizunguka
kama kiatu cha kuazima.
Leo ni tarehe tisa.
Nimebakiza risasi arobaini na mbili
mpaka mshahara.