Mgao

Kazi yangu ni vali. Jumanne naifungulia Umoja,
Alhamisi naifunga, maji yahamie Kariobangi.
Miaka kumi na tisa nainamia mashimo ya barabarani
na ufunguo mrefu kama mtoto wa darasa la tatu,
na hakuna mtaa uliowahi kuniambia: yametosha.

Syombua alianguka kutoka ghorofa ya pili, Kilimani,
karai la kokoto kichwani. Kofia ngumu zilikuwa sita,
vibarua kumi na wanane,
na siku ile mhandisi alikuja na wageni.
Fuvu halikupasuka. Nikashukuru mapema mno.

Daktari Jelagat alinichorea nyuma ya risiti ya dawa.
Siku ya kwanza, alisema, damu hupungua,
ubongo ukapata nusu ya haki yake, pengine chini ya hapo.
Kesho yake yaweza kufurika, kichwa kikavimba
ndani ya nyumba isiyo na dirisha.
Halafu, tangu siku ya nne, mishipa hujikunyata.

Naelewa, nikamwambia. Ni mgao.

Akaigeuza risiti, akachora juu ya ile elfu nne mia sita.
Si mgao, baba. Bomba lako halijui kiu.
Mshipa wa kichwa kizima unajua:
presha ikipanda hujikaza, ikishuka hujiachia,
usiku kucha, bila mtu wa vali.
Pigo limeusahaulisha kazi.
Sasa unapokea chochote moyo unacholeta,
kama mfereji.

Mfereji. Nililala na neno hilo kwenye benchi.

Sinki la wadi lilikuwa linavuja.
Tone. Kimya. Tone. Mlio wa mashine. Tone.
Usiku wa tatu nikashindwa. Mfukoni nina spana
kama wengine walivyo na rozari.
Uzi kidogo, nati, basi.
Sista Nanjala akanishukuru.
Ndicho kitu pekee nilichokitengeneza mle ndani.

Siku ya sita wakampaka jeli kwenye panja,
pale mfupa ulipo mwembamba,
wakaegesha kifaa kama kalamu nene
na damu ya mke wangu ikasikika wadi nzima:
shwaa, shwaa, shwaa.
Inakwenda mbio! nikasema. Nikamkumbatia shemeji Mbatha.
Jelagat hakucheka,
nami nikajua kabla hajafungua kinywa.
Mimi, ambaye wapangaji huniambia kila wiki
leo maji yana nguvu, ahsante fundi,
na ninajua kutu imekula nusu ya njia,
hicho kidogo kinachopita kinapita kwa kusukumana.
Kasi si wingi.
Nimewacheka watu wazima kwa kutojua hilo.

Wakaipandisha presha yake kwa dawa, makusudi,
presha ile ile iliyomzika mama yake.
Nikatia sahihi.
Okumbe akanishikia zamu; Kariobangi walikosa maji siku moja zaidi,
wakanitukana kwa simu, nikawasikiliza mpaka salio lao likaisha.
Kila asubuhi ile kalamu, lile panja, ule mlio.
Siku ya tisa, vile vile.
Ya kumi, vile vile, au masikio yangu.
Ya kumi na moja ukapunguza haraka,
shwaaa,
shwaaa,
kama mtu aliyefika uwanjani akakuta njia pana.

Siku ya kumi na tatu alifungua jicho moja.
Jina langu hakulijua. Mbatha alimwita dada wa kanisa.
Akatazama ukutani, kwenye sinki, kwa muda mrefu.
Mbona bomba limenyamaza?

Nikahesabu kwa vidole.
Lilivuja zile siku tatu za kwanza tu,
siku za nusu haki, siku za mafuriko,
siku tulizoambiwa hayupo.

Nikatoa spana. Nikalegeza nati, robo mzunguko.
Sista Nanjala akaniona, akageukia dirisha.
Tone.
Kimya.
Tone.
Syombua akafumba jicho,
na safari hii Jelagat akaandika: usingizi.