Futi ya Mama

Jumatatu. Paja la kulia: sentimita arobaini na moja.
La kushoto, upande uliovunjika: thelathini na sita.
Naandika kwa penseli nyuma ya kalenda
huku Baba akikodolea dari,
kama mtu anayesomewa madeni mbele ya watoto.

Futi ni ya marehemu Mama. Bado inanuka chaki.
Ilizoea viuno vya mabibi harusi wa Chiatura,
haikuzoea hili:
ngozi yenye nafasi ndani yake,
koti la mtu mkubwa alilorithishwa mtoto.

Huyu ndiye Ambrosi aliyesukuma magari ya manganisi
miaka thelathini na miwili chini ya mlima,
aliyepanda ngazi na gunia la unga begani
siku umeme ulipokatika na vibanda vya waya
vikaning'inia juu ya bonde, vimejaa watu.
Aliteleza bafuni. Bafuni!
Wiki saba za kitanda zikamtenda
yale ambayo mgodi ulishindwa.

"Nani kaniibia?"
Alishuku supu ya hospitali. Alimshuku daktari kijana.
Alimshuku hata Murmani wa kitanda cha pili,
ambaye mkono wake ulinywea kwa sababu nyingine:
msumeno ulikata neva, amri haifiki,
na msuli usiopata amri
ni askari aliyesahauliwa mpakani,
hupungua, hupungua, mpaka sare inamvaa yeye.

Lamzira, anayekuja Jumatano kumnyoosha viungo,
aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua miwani.
"Hakuna mwizi, mzee. Kikulacho ki nguoni mwako.
Msuli ni mali ghali kuitunza.
Kila siku mwili hubomoa kidogo, hujenga kidogo,
na hujenga pale panapobishwa hodi.
Wewe ulilala. Hodi ikanyamaza.
Mafundi wa kujenga wakaenda zao,
wa kubomoa hawakuambiwa waache.
Tena mfupa ulidai, homa ilidai,
na sahani ulikuwa ukiirudisha imejaa.
Basi mwili ukafungua ghala lililokuwa karibu."

"Na umri?"
"Huo ulianza kula zamani, kwa kijiko kidogo.
Hukuusikia tu kwa kelele za mgodi."

Nilitoka roshanini nisionekane.
Ng'ambo ya bonde kibanda kimoja kilikuwa kinaoza
kwenye waya usiokwenda popote.
Nakumbuka walivyoanza: abiria watatu kwa siku,
njia hii haina faida, ifungwe.
Kisha duka la mkate chini ya kituo.
Kisha shule ikaunganisha madarasa.
Hakuna aliyeuchukia mji.
Ulikuwa hauitwi tu.

Na mimi je?
Nilimletea maji, redio, soksi, kijiko mpaka mdomoni,
tulia Baba, usijisumbue Baba.
Upendo wangu ulikuwa kitanda cha pili.

Sasa namnyima. Chumvi naiweka rafu ya juu.
Mayai mawili asubuhi, maharage na jozi mchana,
anakula kwa hasira, kama anayelipa faini.
Anashika meza ya kushonea, anainuka,
anaketi, anainuka.
Mara ya nne paja linatetemeka
kama kioo cha dirisha lori linapopita.
"Nini hiyo?"
"Hodi, Baba."

Jumatatu nyingine. Thelathini na sita na nusu.
Nasoma mara mbili, siiamini penseli yangu.
Baba ananinyang'anya futi.
"Umelegeza," anasema. "Pima tena. Kaza.
Sitaki nusu ya kupewa."