Hii Haiui

Mbura anaitoa kabatini kama mtoto aliyelala,
anailaza juu ya kioo, kati ya betri na makufuli.
Nyeusi, nyepesi, mdomo mpana kuliko nilivyodhani.
"Hii haiui, dada.
Inatema gololi, gololi inapasuka, pilipili inatoka,
mtu anakaa chini mwenyewe kama aliyekaribishwa chakula."

Nauliza bei. Anataja mishahara yangu miwili na nusu
pale kwenye tanuri la mikate,
"na kibali juu yake, hicho utakifuata mwenyewe."

Nyingine nimekwisha kuzipima.
Kopo la kupulizia linaingia vizuri mfukoni mwa gauni,
lakini huu ni mji wa upepo.
Mwezi wa saba, vumbi la Nkuhungu halina adabu:
ningempulizia mwizi, nikalia mimi.
Filimbi, ataamka nani saa tisa usiku?
Mbeyu alipiga kelele korongoni mpaka sauti ikakatika.
Mbwa walimjibu. Watu walizima taa.
Asubuhi, tukienda kuwasha tanuri,
tuliokota kiatu chake, na jino.
Rungu linataka adui awe karibu,
na huo ukaribu ndio ninaoukimbia.

Nataka kitu cha kusema "Simama hapo hapo"
kutoka hatua kumi na tano.

Kitu hicho niliwahi kuwa nacho.
Miaka tisa, juu ya dungu katika shamba la uwele, Handali,
kombeo la katani mkononi,
kweleakwelea wakija kama moshi wenye njaa.
Nilizungusha mara tatu, nikaachia,
wingu likapasuka, likahamia kwa jirani.
Baba alisema mkono wangu una macho.

Siku moja wingu lilishuka chini mno,
na kaka yangu Ndahani alikuwa anainuka kutoka kwenye mabua,
ameshika kibuyu cha maji,
ananiletea ninywe.

Jiwe lile nalo halikuua.

Ndiyo maana leo nimekuja naye.
Amesimama mlangoni, hapendi maduka yenye vioo vingi.
Mbura anarudia, "Haiui," sasa anamwambia yeye,
maana kwa Mbura silaha hununuliwa na mwanaume.
Ndahani anaichukua, anaigeuza, anainusa,
anaielekeza kwenye tangazo la saruji ukutani,
analenga kwa jicho nililomwachia.

"Na ukimpiga hapa?"
Anagusa kope iliyofumba.
Mbura anaanza kufuta kioo kisicho na vumbi.
"Hapo... wanashauri kifuani. Au mapajani."
"Wanashauri," anasema Ndahani.

Nje, muuza magunia anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya.
Mimi nangoja. Miaka ishirini na minne nangoja
anitamkie neno moja tu, lolote, nilipe, niondoke.

Ananirudishia mkononi.
Anashika kiwiko changu, anakishusha
kidogo, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.
"Lenga hapa. Akiinama, usifyatue.
Hesabu kwanza, Nyemo.
Zamani ulikuwa huhesabu."

Tunaweka kianzio, elfu hamsini, noti zimenuka hamira.
Daftari la Mbura lina mstari wa kujaza:
sababu ya kununua.
Nasema, andika mikate.
Anainua kalamu, ananitazama, anaandika mikate.

Jua limekuwa kali, lami inanata kwenye ndala.
Ndahani hasemi kitu mpaka tunafika relini,
kisha anauliza kama tanurini bado wanauza
zile zilizoungua chini kwa nusu bei.
Tunavuka. Ananiweka upande wake wa kushoto,
ule asiouona,
na hageuki kutazama.