Kikohozi cha Upande A

Miaka kumi na tisa napanga korosho ghalani Newala:
nachota kiganja, nahesabu, napasua kwa kisu,
hii ya kwanza, hii ya pili,
hii irudi kwa mwenyewe akaigombeze nyumbani kwake.
Jicho likishazoea kupanga halilali.
Ndiyo maana nilipofungua sanduku la marehemu baba,
la bati, rangi ya maziwa yaliyoganda,
sikulia kwanza. Nilipanga.

Santuri arobaini na moja, nyingi za inchi saba,
tundu la katikati pana kama bangili ya mtoto,
vumbi jekundu la huku kwetu limelala mferejini.
Nikaziinamisha dirishani moja moja,
ukungu wa Ruvuma ungali shingoni mwa mji,
nikasoma wasichosoma wasikilizaji:
ule uwanja mtupu, weusi usio na wimbo,
kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo.
Pale fundi wa kiwanda hukwaruza namba,
na mkono haujifichi.
Saba yake ina mshipi kiunoni.
Tisa yake imeinama kama mtu anayetafuta sarafu.

"Deni la Sabuni", Mkunya Jazz.
Zilikuwa mbili.
Moja lebo nyekundu, herufi zimesimama wima,
jina la bendi limetimia.
Nyingine buluu iliyopauka,
na wameandika Mkunye.
Yeyote angesema hii ya buluu ndiyo ya baadaye,
ya haraka, wino umekwisha,
msahihishaji ameshakwenda kula.

Lakini namba.
Ya buluu inaishia na moja.
Ya nyekundu nayo ilikuwa na moja, ikafutwa,
ikaandikwa mbili juu ya kovu.

Nikaweka sindano.
Kwenye nyekundu gita linaingia safi kama shuka la hospitali.
Kwenye buluu, kabla ya gita,
mtu anakohoa.
Mara moja. Kikavu. Mwishoni kama anajuta.

Mama alikuwa barazani akikinga maji ya mvua.
Akasema, bila kugeuka,
"Mwambie apanguse miguu."
Kisha ndoo ikafurika,
na hakuna aliyeisogeza.

Bwana Ruhinda alikuja kutoka Dar
na glavu nyeupe na lenzi yenye taa.
Alinifundisha mengi, simnyimi haki yake:
namna ya kushika kwa kingo,
namna mng'ao unavyosema uongo chini ya balbu
na ukweli chini ya jua,
kwamba jalada lililochanika hula nusu ya bei.
Akaziweka zote mbili mezani, akacheka.
"Nyekundu ndiyo chapa ya kwanza. Inajulikana."
Akahesabu laki nne juu ya kitambaa cha mama.

Sikumwongopea.
Hakuuliza; alitangaza.
Ghalani pia wapo wanunuzi wa namna hiyo,
hawatii hata kisu,
nasi tunawasahihisha, maana mzani una muhuri wa serikali.
Nyumbani kwangu mzani ni mimi.

Usiku nimemwandikia ujumbe.
Nimefuta.
Nimeandika tena juu ya kovu:
*Bwana Ruhinda, angalia namba, si rangi.*
Simu ipo mkononi, haijaenda,
na laki nne zipo chini ya Kurani ya baba, hazijavunjwa.

Mama hataki wimbo.
Anaketi na kanga yake mapajani,
anataka pale mwanzo tu.
Nashusha sindano, anakohoa, nainua
kabla gita halijaingia.
Tena, anasema. Nashusha.

Najua ninachokiharibu.
Mfereji unachakaa pale pale inapotua sindano;
tayari kuna mchakacho kama mtu akikanyaga maganda,
na kikohozi kimeanza kusikika kutoka chumba cha pili.
Daraja linashuka kila jioni.
Tena, anasema.