Hatua ya Kwanza

Fundi Kalume yuko njiani tangu Jumanne.
Ukimpigia, yuko Mariakani. Ukimpigia tena,
yuko Mazeras, na Mazeras haimaliziki.
Chini ya sinki, tone.
Nasubiri. Tone.
Maji haya nimeyanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi,
nikalipia na miguu ya kijana aliyeyapandisha tangini;
leo yashuka bure, yapita chini ya kabati
kama mgeni asiyeaga.

Badi, mwana wa jirani, kanitilia programu kwenye simu.
"Shangazi, hii itakufunza. Wapiga picha, yenyewe yasema."
Nikapiga picha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kisha ikanena, Kiswahili kilichopigwa pasi:
Habari! Naona bomba linavuja. Usijali.
Hatua ya kwanza: funga koki kuu ya nyumba yako.

Nyumba yako.
We simu, nyumba hii hujaijua.
Ilikuwa moja, hapa Majengo Sidiriya,
ukumbi mmoja, ua mmoja, koki moja
baba akiifunga kila usiku kwa mkono wake,
na robo ya mwisho huizungusha kwa Bismillahi.
Alipokufa tukaigawa kwa kamba ya kupimia,
kisha kwa matofali. Ukuta ukapita katikati ya ukumbi,
ukalikata dirisha, nusu kwangu,
nusu kwa Mwanatumu, dada yangu wa baba mmoja.
Tuligawa vitanda, tukagawa sufuria, hata kinu tulikipigia kura.
Koki kuu hakuna aliyeikumbuka.
Ikabaki kwake,
na mimi kizingiti chake sijakivuka, mwaka wa tano huu.

Nikairuka hatua ya kwanza.
Hatua ya pili: legeza kiungo kwa spana.
Nikalegeza, nusu mzunguko tu,
na bomba la chuma, lililoliwa na chumvi miaka arubaini,
likakohoa kutu, likanitemea usoni.
Nikalizonga kwa leso, leso ikashiba, maji yakaja tu.
Simu, nayo imelowa, ikaniuliza kwa adabu:
Je, umefunga koki kuu?

Basi nilikwenda. Miguu mitupu, spana mkononi,
nikabisha hodi kama mwizi aliyetubu.
Mwanatumu akanitazama, akaanzia kwenye spana,
akapanda polepole hadi nywele zinazochuruzika.
Hakuuliza hali. "Maji?" akasema.
"Maji."
Akapiga magoti nyuma ya pipa la mchele,
akakishika kile kigurudumu chekundu,
na mkono nikaujua: kidole gumba kimepinda vilevile.
Robo ya mwisho, midomo yake ikacheza.
Sikusikia neno. Nalijua.

Akaja kwangu na uzi wa katani na kopo la rangi.
Simu ikashauri tepu nyeupe,
mizunguko mitano, kufuata mwendo wa saa.
"Iambie inyamaze," akasema Mwanatumu,
huku akiuzungusha uzi wake,
mizunguko mitano, kufuata mwendo wa saa.

Ya ukuta hatukuyazungumza.
Tulizungumza washa ya mpira, bei yake pale Mwembe Tayari,
na kwamba Kalume ni mwongo tangu ana meno ya utoto.
Alipoondoka alilisahau kopo lake.
Au hakulisahau.

Tatizo limetatuliwa? yauliza simu. Ndiyo. Hapana.
Nimekipapasa kiungo: kikavu.
Nimeufungua mfereji: umeguna, umetoa pumzi, basi.
Koki bado imefungwa, kule kwake,
na rangi, kasema, yataka usiku mzima kushika.
Kwa hiyo kesho, hodi ya pili.
Nimekaa sakafuni na matambara, sijabonyeza kitu,
nalitazama kopo.

Simu ikalia. Ni Kalume.
"Mama, usiwe na wasiwasi," kasema.
"Nimefika Miritini."