Kujianika

Damu yangu ilivuka bahari kabla yangu.
Ilipandishwa boti Mkoani, ndani ya kichupa
kilichoandikwa Kidawa Makame, miaka hamsini na sita,
ikaenda Unguja kupimwa.
Mimi nikabaki Wete, nachambua karafuu,
vidole vyeusi, nangoja kuambiwa nilivyo.

Wiki ya pili akapiga simu Shemsa, nesi mwenye mwanya:
"Bi Kidawa, umekosa jua."
Nikacheka hata makonyo yakanimwagikia mapajani.
Jua? Nami naishi Pemba?

Nilikwenda. Akanifunga kile kitambaa cha presha,
kikanibana mkono kama mdai aliyechoka ahadi.
Akasema: vitamini D hupikwa na ngozi, na kuni zake ni jua.
Akasema: mishipa yako ya damu ni kama ukindu,
ukirowekwa hupindika utakavyo,
ukikauka, wallahi, hukatikia kidoleni.
"Mwanangu, tangu lini jua likalainisha ukindu?"
Akanyamaza kidogo.
"Hilo nalo swali. Hata mabingwa hawajamaliza kubishana.
Lakini aliyepungukiwa hujazwa."

Nakumbuka hedhi ilivyonikoma.
Ulikuwa mwaka wa vuo kubwa, mikarafuu imeinama.
Ikakosa mwezi, ikaja, ikakosa miwili,
haikurudi tena, wala haikuaga.
Nilishukuru, sitasema uongo:
Ramadhani ile nilifunga yote,
sikubaki na deni la kulipa peke yangu Mfunguo Mosi
huku wenzangu wanakula.
Nani angeniambia kwamba mgeni yule
aliondoka na bawabu wake,
aliyekuwa akikesha mlangoni pa moyo?

Miaka yote nimeanika.
Karafuu, majamvi kumi na mawili.
Mpunga, muhogo, magodoro ya watoto waliokojoa,
kanzu ya marehemu Hamadi baada ya arubaini.
Najua karafuu ikikosa jua siku tatu huwa mpeta,
nyepesi, imepauka, mnunuzi huisukuma kando.
Wingu likitanda hukimbia kuziokoa,
na mwenyewe nimo ndani ya baibui, ndani ya jiko,
ndani ya kivuli cha ukuta.

Baibui silisemi vibaya. Shemsa naye kavaa lake.
"Una ua," aliniambia.
"Nani anakuona mle ila Mungu na kuku?"

Basi leo, saa nne asubuhi,
nimemeza kidonge changu cha wiki,
nimetia komeo mlango wa ua,
nimetandika jamvi kando ya karafuu,
nikakunja mikono ya gauni hadi mabegani,
nikanyoosha miguu yenye mishipa iliyotuna.
Ngozi ilishtuka.
Jogoo alinitazama, akageuza shingo.
Mkaza mwanangu, Raya, akachungulia dirishani:
"Mama, unafanya nini?"
"Nakauka," nikamwambia.
Kisha nikajirudi: "Hapana. Nalainika."

Robo saa. Nikazigeuza karafuu,
nikaigeuza na mikono yangu,
upande wa ndani, ule niliolificha jua tangu usichana.
Presha sijui.
Jumatatu Shemsa ataipima.