Rekodi Mbili Zinazofanana

Kitivo chetu hakina geti wala kengele.
Ni vyumba viwili juu ya duka la chakula cha kuku, Nyakato, Mwanza,
na ngazi ya chuma iliyoliwa na kutu.
Wageni wengi huishia kidato cha tano.

Wanafunzi mia moja na arobaini, hatujawahi kuona viatu vyao.
Twajua sauti, na majogoo wanaowika nyuma ya sauti,
na yule muuguzi wa Ukara, Nabwire,
ambaye kila Jumatano hupanda juu ya jiwe kutafuta mtandao,
akitetea tasnifu yake huku upepo ukimkatiza.

Mkuu wa kitivo ni Daktari Bwire Magesa.
Aliacha kupasua watu, sasa anapasua majedwali.
Bado hunawa mpaka viwikoni kabla ya kufungua kompyuta.
Mhasibu, Mama Kokushubira, anajua nani kauza ng'ombe alipe ada
na nani anasingizia msiba.
Wote huwapa wiki mbili.
Mimi ni wa nyaya: jenereta, betri, nywila zilizosahauliwa.
Mwezi ukiandama, vijidudu vya ziwani huja kama moshi,
hufuata mwanga wa vioo, hufia kati ya herufi,
nami asubuhi huwafagia kwa brashi ya viatu.
Herufi A ina makaburi mengi kuliko zote.

Na kuna Doto.
Doto Nkwabi, mratibu wa masomo,
anayejibu saa saba usiku swali la saa sita na nusu:
*Lala. Jedwali halina miguu, kesho utalikuta.*

Masika haya tuliwapa zoezi,
rekodi elfu tatu za kliniki, zote za kubuni,
Bwire kazitunga kwa majina ya huku kwetu.
Mtafuteni mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili.
Si kazi ndogo. Mvua ikinyesha kila wodi hupata Mabula,
kitanda cha pili Kabula,
wingu moja laweza kubatiza tarafa nzima.
Programu ililinganisha ukoo, kijiji, mama, tarehe.
Vinne vikilingana, ilifuta mmoja,
ikaandika chini: *safi.*

Nabwire akatuma kutoka jiweni:
*Walimu, programu yenu imefuta mapacha wote.*

Tulicheka. Kokushubira alicheka mpaka akavua miwani.
Bwire akajipiga paji: mimi, mtoto wa huku,
nimesahau kwamba Kulwa haji peke yake!
Kisha tukaona kuwa Doto hacheki.

Hakusimulia kirefu.
Surua, mwaka ule kivuko kilipokufa injini.
Jalada lilikuwa moja kwa watoto wawili,
karani aliona uvivu kukunja la pili.
Aliyekufa alikuwa Kulwa.
Aliyeandikwa amekufa alikuwa *mtoto wa Nkwabi.*
Miaka minane baadaye, Doto ana homa,
dirishani wakasema, huyu hayupo.
Mama yake akamsukuma mbele
mpaka paji la uso likagusa nondo.
"Mguseni," akasema. "Mguseni basi."

Jenereta ilikohoa, ikazima. Sikuinuka kuiwasha.
Kwa chini, muuza chakula cha kuku alikuwa anafunga duka,
tukasikia kila kufuli.

Umeme uliporudi Bwire alinawa tena,
akakaa, akaondoa neno *futa* kwenye programu,
akaweka *uliza.*
Akaongeza safu moja: *Nani alitangulia?*
Kokushubira akataka kujua na Shija, anayefuata mapacha,
ataingia safu gani.
Hatukuwa na jibu. Bado hatuna.

Saa saba usiku Doto alisahihisha kazi ya Nabwire.
Alama, mia kwa mia.
Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu, aliandika:
*Nimesikia kwenu inanyesha.
Shuka jiweni taratibu.*